Koo Linapowasha: Ukereketwa, Kutoka Kijiweni Hadi Matetereka

Katika mikutano ya hadhara ya Chama Cha Mapinduzi kuna salamu ambayo kila aliyewahi kusimama juani kumsubiri mgeni rasmi ameisikia: wanachama, wapenzi na wakereketwa. Wengi huichukua kama mlolongo wa heshima tu, sawa na mabibi na mabwana. Ukiisikiliza vizuri utagundua ina ngazi. Mwanachama ana kadi na analipa ada, walau kwa mujibu wa katiba. Mpenzi hana kadi ila anakipenda chama. Mkereketwa anaweza kuwa na kadi au asiwe nayo, wala hakuna atakayemuuliza, kwa sababu jina lake halikutoka kwenye daftari la tawi. Limetoka kooni.

Kukereketa ni kuwasha koo. Pilipili hukereketa, moshi wa kuni mbichi hukereketa, na huku Songea, ambako tumbaku ya kukaushwa kwa moshi imelimwa tangu enzi za mkoloni, hakuna asiyejua kinachompata mtu anapoingia kichwakichwa kwenye bani lililojaa majani. Aliyekereketwa hanyamazi. Atakohoa hata kama yuko msibani, hata kama padri yuko katikati ya mahubiri. Lugha ya siasa ilipomtafutia jina mtu ambaye jambo la kundi lake likiguswa hawezi kukaa kimya, ilimwendea huyu.

Sarufi yake nayo ina neno. Mfuasi anafuata, mwanachama amejiunga, mshangiliaji anashangilia. Wote hao ni watenda. Mkereketwa ni mtendwa. Yumo katika safu moja na mfungwa, mtumwa na mteuliwa, watu ambao wapo walipo kwa sababu kuna kitu kimewafanya wawepo. Ukimwambia mshangiliaji aache kushangilia, unamwomba aache kazi aliyoichagua. Ukimwambia mkereketwa aache, ni kama umemkataza kukohoa. Atakujibu kwamba hayo yamo damuni, na mazungumzo yataishia hapo.

Nje ya ngazi rasmi za chama, katika miji midogo ya barabarani nchini kote, utakuta vijiwe vyao: benchi la mbao, bendera mlingotini, bodaboda watatu wanne wanaosubiri abiria, redio. Vingine vina kibao kabisa, Shina la Wakereketwa. Zanzibar wanaviita maskani. Havina uhusiano wa lazima na lile shina la nyumba kumi ambalo TANU, chama kilichoitangulia CCM, ililianzisha katika miaka ya 1960, lenye balozi wake anayejua nani kazaa, nani kafiwa na nani kahama usiku. Balozi ana kazi. Kijiwe cha wakereketwa kina hisia, na siku za uchaguzi hisia zina nguvu kuliko kazi.

Tusilionee neno hili, maana si tusi. Kuna wakereketwa wa Kiswahili, wakereketwa wa mazingira, wakereketwa wa elimu ya watoto wa kike. Mwalimu anayebaki darasani hadi magharibi akiwasaidia watoto wa darasa la saba bila posho ni mkereketwa, na hakuna jina linalomfaa zaidi. Ubaya wa neno hili haumo ndani yake, umo katika kile kisilabi kidogo kinacholifuata: wa. Mkereketwa wa nini? Kuna anayewashwa na jambo, na kuna anayewashwa na kundi. Wawili hawa huweza kukaa benchi moja miaka ishirini, wakapiga makofi kwa pamoja na kuvaa fulana za rangi moja, usiwatofautishe. Hutengana siku kundi linapolikosea jambo. Siku hiyo wa kwanza atakohoa ndani ya kundi lake. Wa pili atamgeukia yule anayekohoa.

Kiswahili cha mitaani kimeunda majina mengine ya jamii hii, na kila moja lina kazi yake. Shabiki ni wa kawaida, hana madhara. Mnazi ni shabiki aliyepita kiasi. Ukisikia fulani ni mnazi wa Yanga, ujue hoja yoyote kuhusu mwamuzi utakayompelekea utarudi nayo. Kindakindaki na lialia hutaja ukoo na uzaliwa, kwamba mtu huyu hakuhamia, alizaliwa humo. Halafu kuna chawa, neno lililoshika kasi miaka ya karibuni kwa mtu anayeishi kwa kusifu wakubwa. Watu huwachanganya chawa na mkereketwa, na kwa maoni yangu hilo ni kosa la kumdhulumu mkereketwa. Chawa hana koo, ana tumbo. Kichwa kikinyolewa anahamia kichwa kingine asubuhi yake. Mkereketwa hahami, na hapo ndipo penye utukufu wake na hatari yake.

Kwenye mpira hatari hiyo haiui mtu mara nyingi, lakini huua timu. Songea wana Majimaji, Wanalizombe, klabu iliyochukua jina la vita vya mababu na lakabu ya ngoma ya Kingoni, ikatwaa ubingwa wa nchi katikati ya miaka ya 1980 na tena mwaka 1998. Hata hivyo Simba au Yanga ikija Uwanja wa Majimaji, sehemu kubwa ya jukwaa huvaa nyekundu au njano na kijani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 Dar es Salaam, na mwaka mmoja baadaye ikazaliwa ile iliyokuja kuitwa Sunderland kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Zote mbili makao yake yako Kariakoo, umbali wa siku nzima ya basi kutoka hapa. Mtu wa Madaba hajawahi kuona Msimbazi ya Simba wala Jangwani ya Yanga, ila anaweza kununiana na shemeji yake wiki nzima kwa ajili ya penalti iliyopigwa huko. Msimu wa 2017/18 Majimaji ilishuka daraja pamoja na Njombe Mji, na Madaba, iliyo kati ya Songea na Njombe, ikajikuta haina timu ya jirani ya Ligi Kuu upande wa kaskazini wala wa kusini. Utopolo na Makolo, kama mashabiki wa Yanga na Simba wanavyobandikana majina, waliendelea kutukanana kama kawaida.

Madaba yenyewe ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili, kwa sababu imekaa mpakani. Iko kwenye barabara kuu ya Makambako kwenda Songea, kwenye nyanda za baridi ambako mahindi hukomaa polepole na miti ya mbao inapandwa hadi Wino. Ina halmashauri yake ndani ya Wilaya ya Songea na jimbo lake la uchaguzi. Kwa kabila utawaita Wangoni, lakini Wabena na Wapangwa wamo, na kilomita chache kaskazini uko Mkoa wa Njombe. Ukitaka kuwa mkereketwa wa kabila hapa, itabidi kwanza uamue ni lipi.

Hata huo Ungoni wenyewe ni jambo la kuungana kabla ya kuwa jambo la kuzaliwa. Wangoni walifika nchi hii katikati ya karne ya 19 wakitokea kusini, wakajenga dola mbili, Njelu na Mshope, na kwa mkuki na kwa ndoa wakawaingiza Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wabena na wengine. Walioingizwa waliitwa masutu. Vizazi viwili vitatu baadaye watoto wa masutu walikuwa wengi kuliko watoto wa waliokuja, wote wakisema ni Wangoni, na kwa haki kabisa. Njelu na Mshope hazikupendana, lakini mwaka 1905 Mputa Gama wa Njelu na Chabruma wa Mshope waliingia vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Kila tarehe 27 Februari Songea huwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Ukiuliza ni wangapi kati yao walikuwa Wangoni wa asili na wangapi masutu, utaonekana huna adabu.

Dola huru ilijaribu kuumaliza ukabila kwa njia za kiserikali. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake. Mwaka 1995, kwenye sherehe za Mei Mosi mjini Mbeya, Nyerere aliyekwisha kustaafu bado aliwakemea wanaotafuta urais kwa tiketi ya kabila na dini. Mtaani nako neno undugunaizesheni, lenye kichwa cha Kiswahili na mkia wa Kizungu, liliwacheka mabosi wanaojaza ofisi shangazi na wapwa.

Lakini dawa ya zamani zaidi, na nadhani yenye akili zaidi, ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, bila mshindi wa wazi. Wajukuu zao leo ni watani. Utani haukukataza mtu kuwa na kundi lake. Ulimpa kila mmoja mtu wa kundi jingine mwenye ruhusa ya kulitukana kundi hilo mbele yake bila kupigwa. Na mahali pake pakubwa ni msibani. Mtani hufika akiwa amejitwika upuuzi: analala kaburini akidai alipwe ndipo atoke, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea amelewa ulanzi, anawaomba wafiwa nauli ya kurudi kwao. Watu hulia na kucheka kwa wakati mmoja. Aliyebuni utaratibu huu alijua kwamba uchungu wa kundi ukiachwa bila mtu wa nje wa kuuchokoza, hugeuka kidonda.

Zanzibar inatuonyesha kinachotokea kundi linapokosa watani. Wazee wa Unguja na Pemba huuita ule muda wa kati ya uchaguzi wa mwaka 1957 na Mapinduzi ya mwaka 1964 zama za siasa, na hawaitaji siasa hapo kwa maana nzuri. Chama cha Afro-Shirazi kilikuwa upande mmoja, upande wa pili Zanzibar Nationalist Party, ambayo watu waliiita Hizbu, neno la Kiarabu lenye maana ya kundi au chama, na ambalo baadaye likawa tusi. Baada ya kura za mwaka 1957 baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliokuwa wakiishi humo kwa sababu ya chama chao. Watu wakasusiana maduka. Wakasusiana mabasi na visima. Ndoa zilivunjika. Kibaya zaidi, wakasusiana mazishi, na katika mji wa Kiislamu ambako kubeba jeneza la jirani ni wajibu usiohitaji mwaliko, hilo lilikuwa ni kumwambia mtu kwamba hata akifa si mwenzenu. Ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68.

Jambo hilo lilirudi baada ya mfumo wa vyama vingi kuanza mwaka 1992. Pemba ya nusu ya pili ya miaka ya 1990 ilikuwa na maduka ya CUF, chama cha upinzani, na maduka ya CCM, na maiti ya CCM ambayo wanakijiji wa CUF hawakuifuata. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano. Ilichukua mkutano wa Novemba 2009 kati ya Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyopitishwa kwa takriban theluthi mbili, kuileta serikali ya pamoja na, pamoja nayo, kuyarudisha baadhi ya majeneza kwenye mabega ya wote. Baadhi, nasema, kwa kuwa huko nako mambo hayakutulia moja kwa moja.

Kenya ilikuwa na msamiati wake. Katika Bonde la Ufa neno madoadoa, lisilo na hatia yoyote kwa mfuma ukili au mfuga ng'ombe, liligeuzwa jina la jirani wa kabila lingine anayepaswa kuondolewa ili eneo libaki rangi moja. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo kwenye orodha ya maneno ya chuki. Sidhani kuna neno lililowahi kuacha kuuma kwa kuwekwa kwenye orodha, lakini angalau waliolitumia walijua wameonekana.

Narudi Madaba, kwa sababu kisa kinachonisumbua zaidi kuhusu ukereketwa hakina damu, hakina kabila, na hakina hata vyama viwili. Kilitokea ndani ya chama kimoja, baina ya watu waliobeba kadi ya rangi moja.

Mwishoni mwa mwaka 1960, kabla hata bendera ya mkoloni haijashushwa, vijana wachache wa TANU wa Songea wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikwenda porini mahali panapoitwa Litowa kuanzisha kijiji cha kulima kwa pamoja. Mara ya kwanza chakula kiliwaishia, wakatawanyika. Wakarudi mwaka uliofuata. Safari hii walishika. Vijiji vingine vikaiga, kimojawapo Matetereka, ambayo leo ni kata ya Halmashauri ya Madaba. Vikaungana katika kilichoitwa Ruvuma Development Association, chama cha maendeleo cha Ruvuma, ambacho watu walizoea kukiita kwa herufi tatu, RDA. Mwaka 1963 alihamia Litowa Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, na familia yake. Alikuwa ametoka kwenye shamba la ushirika la misheni ya St Faith's, Rhodesia ya Kusini, na alikuja kama mshauri, si kama bwana shamba.

Utaratibu wao ulikuwa mgumu kwa maana ya kazi na mwepesi kwa maana ya makaratasi. Kijiji kiliamua mambo yake kwenye mkutano wa wanakijiji. Shamba la pamoja lililimwa kwa zamu, mavuno yakagawanywa kwa kazi ya mtu na kwa mahitaji ya wasiojiweza. Litowa kulikuwa na shule iliyochukua watoto wa vijiji vyote vya umoja huo, na mtoto alijifunza kusoma na kulima kwa mwalimu yuleyule. Umoja huo ulipata kinu cha kusaga nafaka mjini Songea na mashine ya kupasua mbao, mali ya wanavijiji wenyewe. Wenye uzoefu walitumwa kukaa na vijiji vichanga hadi vijiweze. Hadi mwisho wa miaka ya 1960 vijiji vilikuwa vimefika 17 hivi.

Yote haya, angalia tarehe, yalianza kabla ya Azimio la Arusha la Februari 1967, kabla ya Elimu ya Kujitegemea, na kabla ya Ujamaa Vijijini. Nyerere alipokuwa akiandika kwamba watu waishi pamoja na wafanye kazi pamoja kwa faida ya wote, kuna watu waliokuwa wameshalala na matope ya jambo hilo miguuni. Naye alijua, na aliwasifu. Kama kulikuwa na wakereketwa wa ujamaa katika nchi hii, wale ambao jambo lenyewe liliwawasha koo bila kuambiwa na mtu, walikuwa Litowa na Matetereka.

Na hilo likawa kosa lao. Kijiji kinachoamua mambo yake kwenye mkutano wake hakina haja kubwa ya afisa anayekuja na gari kukieleza cha kuamua. Viongozi wa chama na serikali mkoani walianza kujiona wamerukwa. Umoja una fedha zake, mashine zake, wageni wake na sauti yake. Basi si TANU. Hapo ndipo lugha inapogeuka bila mtu kuona: jambo linaachwa kando na swali linakuwa moja tu, nani wa kwetu na nani si wa kwetu. Waliokuwa wakiulizwa swali hilo walikuwa vijana wa TANU waliokwenda porini kwa jina la TANU.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, Mwalimu Nyerere mwenyewe akiwepo, iliamua kuivunja RDA. Hoja ilikuwa kwamba vijiji vya ujamaa ni kazi ya chama, na chama ni TANU peke yake. Ujumbe ukaenda Songea kutangaza. Mali ya umoja, pamoja na magari na mashine, ilichukuliwa. Wageni wakatakiwa kuondoka. Walimu wa shule ya Litowa walihamishiwa shule nyingine mbalimbali nchini. Sijapata kusoma popote kwamba kuna mjumbe wa mkutano ule aliyeshutumiwa kwa kuchukia ujamaa. Naamini wengi wao waliondoka pale wakiwa na dhamiri safi, kwamba wamekilinda chama. Hivyo ndivyo ukereketwa wa kundi unavyofanya kazi: unamwacha mtu na usingizi mzuri.

Wapo wanaomtetea Mwalimu kwa kusema alizidiwa kura na wenzake. Inawezekana, na ushahidi wa mapenzi yake kwa Litowa upo. Lakini utetezi huo unanithibitishia nilichotaka kusema. Oktoba 1968, chini ya mwaka mmoja kabla, alikuwa ametoa andiko la Uhuru na Maendeleo, akisisitiza kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, wanajiendeleza, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa kulazimisha. Mtu aliyeandika hayo alipowekwa kwenye meza ambayo upande mmoja pana jambo lake na upande wa pili umoja wa chama chake, alibaki na chama. Kama koo la Nyerere lilinyamaza, tusimshangae sana kijana wa kijiweni.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho na kukitumia. Kwa wanavijiji wa Songea kilikuwa kimechelewa miezi kumi na saba. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini ni lazima. Ikaja Operesheni Vijiji, na malori, na mahali pengine nyumba zilizobomolewa ili mtu asirudi. Nchi nzima ikajaa vijiji, vingi vikiwa ni safu za nyumba tu, na shamba la pamoja likawa ekari chache za kumwonyesha mkuu wa wilaya akija. Waliokuwa wakijua namna ya kukifanya kijiji kiwe kijiji walikuwa wametawanywa.

Si wote. Matetereka, mbali kidogo na macho ya Songea mjini, haikuvunjika pamoja na umoja wake. Kinu kilichukuliwa, jina la RDA likafutwa, lakini watu hawakuhamishika mioyoni, wakaendelea kulima shamba lao la pamoja kama kijiji cha kawaida chini ya TANU na baadaye chini ya CCM iliyozaliwa Februari 1977. Hawakufanya maandamano, na hakuna kadi iliyorudishwa. Walikuwa watiifu kwa chama kwa kila kipimo anachoweza kuwa nacho katibu wa wilaya. Kitu pekee ambacho hawakukubali ni kwamba utiifu huo unawadai waache kulichukulia azimio la chama kwa uzito kuliko chama kilivyolichukulia.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Kiongozi sasa aliruhusiwa kuwa na hisa, mishahara miwili, nyumba ya kupangisha. Kwenye mikutano ya hadhara wakereketwa walishangilia uamuzi huo kama walivyoushangilia ule wa mwaka 1967, na ukimwuliza mmojawao leo ni upi kati ya hiyo miwili ulimkereketa kweli, atakuona una lako jambo. Mwaka 1998, miaka saba baada ya uamuzi huo wa Zanzibar, Chuo Kikuu cha Edinburgh kilichapisha utafiti wa D. M. Edwards kuhusu Matetereka. Katika jina la andiko hilo aliiita Matetereka kijiji cha mwisho cha ujamaa nchini Tanzania.